Pleya gani ina sauti nzuri? Chunguza dalili kabla ya kubadilisha programu

Mwalimu mmoja wa kwaya alinijia kibandani Majengo, Dodoma, laptopu kaikumbatia. "Fundi, hii pleya inapasua sauti. Niwekee nyingine iliyo safi." Tukafungua wimbo. Waimbaji wa sauti ya kwanza walipopanda, spika zikakoroma. Nikashusha sauti ya pleya, iliyokuwa imesukumwa mpaka mwisho, nikazima ikwalaiza, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba, kisha nikaongeza sauti kwenye amplifaya. Mkoromo ukaisha, na pleya ni ile ile.

Kilichoniuma ni alichosema baadaye. Wiki moja kabla, akidhani rekodi ndizo mbovu, alifuta faili za WAV alizopewa studio akabaki na MP3 zilizobanwa mno, za kilobiti 96 kwa sekunde. Waimbaji wake wawili wamekwisha hama mji. Rekodi ile hawezi kuifanya tena.

Basi hizi hapa ni hatua ninazopita mtu akiniletea kompyuta na kusema pleya fulani ina sauti mbaya. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kazi ya pleya, yaani programu ya kuchezea muziki, ni kusoma namba zilizo ndani ya faili na kuzikabidhi kwa kadi ya sauti. Faili ya WAV iliyotoka kwenye CD ina namba 44,100 kwa kila sekunde, upande wa kushoto na wa kulia, kila namba ikiwa na biti 16. foobar2000, VLC, AIMP, MusicBee, Winamp, zote zinajua kusoma namba hizo bila kukosea hata moja. Ukisikia tofauti kati yake, ama kuna kitu kimezigusa namba njiani, ama moja inapiga kwa nguvu kidogo kuliko nyingine. Vyote viwili vinapimika.

Dalili: pleya moja ina sauti nene na tamu kuliko nyingine

Hili ndilo lalamiko kubwa, na mara nyingi sana chanzo chake ni ukubwa wa sauti tu. Mwaka 1933 watafiti wa Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba sikio halisikii besi na sauti nyembamba kwa uwiano ule ule sauti ikiwa ndogo na ikiwa kubwa. Sauti ikipungua, besi ndiyo ya kwanza kupotea masikioni. Ikiongezeka, besi inarudi na matoazi yanang'aa. Kwa hiyo pleya inayopiga kwa nguvu zaidi, hata kidogo tu, msikilizaji hasemi "hii ina sauti kubwa". Husema "hii ina sauti nene", "hii ina uhai". Nimeshuhudia watu wenye masikio mazuri kabisa, watu wanaoweza kukuambia mwimbaji gani kashuka nusu noti, wakinasa kwenye mtego huu.

Tiba ni kuzisawazisha, na kusawazisha kwa sikio hakutoshi. Tumia multimita, ile ile anayopimia fundi redio. Fungua Audacity, programu ya bure ya kurekodi na kuhariri sauti, tengeneza mlio mmoja wa hezi 200 (mitetemo 200 kwa sekunde) usiobadilika wa dakika moja, uhifadhi kama WAV. Ucheze kwenye pleya ya kwanza. Weka multimita kwenye volti za AC, gusa nyaya zinazoingia kwenye spika, andika namba. Usiguse kitasa cha amplifaya. Funga pleya hiyo, fungua ya pili, cheza mlio ule ule, na urekebishe sauti ya pleya mpaka namba ilingane. Ukifika kwenye tofauti isiyozidi asilimia 1 umeshuka chini ya desibeli 0.1 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na hapo ukubwa hauwezi tena kukudanganya. Huhitaji mita ya gharama: hezi 200 si mbali sana na 50 za umeme wa nyumbani, nasi tunalinganisha tu namba mbili za mita hiyo hiyo.

Usitumie simu kupimia sauti chumbani kama una multimita. Ukisogeza simu kiganja kimoja tu, namba inabadilika, hasa kwenye vyumba vyetu vya sakafu ya sementi na dari ya bati ambamo sauti hugonga na kurudi.

Mara nyingi utakuta namba za mwanzo hazilingani. Hapo kagua mambo haya, kwa mpangilio huu. Kwanza sauti ya pleya yenyewe: VLC huruhusu kupanda mpaka 125, na juu ya 100 huwa inazikuza namba zenyewe. Pili ReplayGain, mpango uliopendekezwa mwaka 2001 wa kusawazisha nyimbo ili moja isikulipue na nyingine isinong'one. Ni kitu kizuri, lakini ukiwa umewaka kwenye pleya moja na umezimwa kwenye nyingine, unalinganisha vitu viwili tofauti. Tatu ikwalaiza. Watu huiwasha siku moja kwa ajili ya sherehe, wakaisahau mwaka mzima.

Nne ni viboreshaji vya Windows na vya kadi ya sauti. Bofya kulia alama ya spika chini kulia mwa skrini, ingia kwenye mipangilio ya sauti, chagua spika zako, zima kila kinachojiita kiboreshaji, kikuza besi au msawazisho wa ukubwa. Vitu hivi vinagusa pleya zote zinazopita njia ya kawaida. Ndiyo maana pleya iliyowekwa kushika kadi ya sauti peke yake, kwa WASAPI au ASIO, njia za kuifikia kadi moja kwa moja, inaweza kusikika tofauti kabisa na nyinginezo: imevikwepa. Mtu husema "foobar ina sauti kavu". Ukavu huo ndiyo rekodi yake ilivyo.

Dalili: sauti inapasuka waimbaji wakipanda

Namba za biti 16 zina dari. Kilele cha wimbo kikipita dari hukatwa, na mkato huo ndio mkoromo unaousikia. Rudisha pleya kwenye 100 au chini yake, shusha ikwalaiza yote iwe sifuri, kisha ongeza sauti kwenye amplifaya. Ikwalaiza ikiwa lazima iwepo, shusha kile kitelezi chake cha jumla kwa kiasi kile kile ulichopandisha besi. Ukipandisha besi desibeli 6, shusha jumla desibeli 6.

Mkoromo ukibaki hata sauti ikiwa ndogo mno, fungua faili kwenye Audacity na uvute karibu. Vilele vikiwa vimekatwa bapa kama meza, uharibifu umo kwenye rekodi, na hakuna pleya duniani itakayourudisha. Vikiwa na mviringo mzuri, tafuta kwenye spika: koni iliyochanika, au sabufa iliyopigwa kupita uwezo wake.

Hapa naomba nisimame kidogo kwa ajili ya muziki wa huku kwetu. Kijana mmoja aliniletea rekodi za ilimba, kile chombo cha ndimi za chuma kinachopigwa kwa vidole gumba, za mjomba wake akitaka nimsafishie "mkwaruzo". Alikuwa amejaribu pleya nne na zote zinakwaruza. Ilimba ya Wagogo hutengenezwa ikwaruze! Sanduku lake hutobolewa tundu, likafunikwa utando wa buibui, ili kila noti itoke na mng'ung'uto wake. Wanaomfahamu mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuufikisha muziki wa Wagogo nchi za mbali, wanaujua mng'ung'uto huo. Zeze nalo lina ukavu wake wa upinde kwenye waya. Kabla ya kuilaumu pleya, jiulize kama chombo chenyewe kikipigwa mbele yako kinasikika hivyo. Kijana yule nilimrudishia faili zake nikamsihi azitunze kama zilivyo.

Dalili: sauti iko kama ndani ya ndoo, matoazi yanazomea

Hii ni MP3 iliyobanwa kupita kiasi. MP3 hutupa sehemu za sauti ambazo sikio halitarajiwi kuzisikia, na kadiri kilobiti zinavyopungua ndivyo inavyolazimika kutupa hata zile tunazozisikia. Vitu vyenye mchakacho, yaani kayamba, njuga, makofi, mng'ung'uto wa ilimba, ndivyo vinavyoumia kwanza. Besi na sauti ya mwimbaji mmoja huvumilia zaidi, na ndiyo sababu mtu anaweza kusikiliza wimbo wa gitaa kwa kilobiti 128 asione tatizo, lakini kwaya yenye kayamba ikamchosha masikio.

Usiamini kilobiti zilizoandikwa kwenye jina. Faili ya 128 ikigeuzwa kuwa 320 inakuwa kubwa, lakini kilichotupwa hakirudi. Ifungue kwenye Audacity na ubadilishe mwonekano uwe wa spektogramu, picha inayoonyesha sauti nene chini na nyembamba juu. MP3 nyingi za kilobiti 128 zinaonekana zimekatwa kama kwa panga karibu na hezi 16,000, juu yake giza tupu. Ukiliona giza hilo kwenye faili inayojiita 320, ujue ina historia.

Kwa kutunza, hifadhi WAV au FLAC. FLAC hubana bila kutupa chochote: ukiifungua unapata namba zile zile za mwanzo, na kwa kawaida faili hupungua kufikia karibu nusu au theluthi mbili ya WAV. MP3 tengeneza nakala ya kugawa, na ya awali usiiguse.

Kuna ndoo nyingine, ya bluetooth. Unasikiliza vizuri, ghafla muziki unageuka kuwa kama unatoka kwenye simu ya mezani. Programu fulani imeufungua mkrofoni wa hedifoni zako, na hedifoni zimehama kutoka hali ya muziki kwenda hali ya simu, yenye masafa machache na mara nyingi upande mmoja tu. Funga programu hiyo, mara nyingi ya kikao cha mtandaoni, au kwenye mipangilio uchague mkrofoni wa laptopu badala ya ule wa hedifoni. Na unapolinganisha pleya, tumia waya. Bluetooth huibana sauti upya kabla ya kuirusha.

Sauti ikishuka ghafla bila kubadilika ladha, na ikarudi simu ikikatika, hiyo ni Windows. Kwa kawaida imepangwa kupunguza sauti nyingine kwa asilimia 80 pindi mawasiliano yanapoanza. Kwenye mipangilio ya zamani ya sauti kuna ukurasa wa mawasiliano. Chagua isifanye chochote.

Dalili: sauti inakatakata

Kwanza nakili wimbo kutoka kwenye flashi uweke ndani ya kompyuta, uucheze kutoka humo. Flashi nyingi tunazonunua mitaani husoma kwa kusuasua. Ukikatika bado, ongeza bafa kwenye pleya, yaani akiba ya muziki inayosomwa mapema: milisekunde 500 au 1,000 hazina hasara yoyote kwa msikilizaji. Zima wifi kwa dakika moja usikilize. Programu endeshi mbovu ya wifi inaweza kuinyima kadi ya sauti nafasi yake.

Halafu feni. Kiangazi cha Dodoma, upepo ukivuma kuanzia Juni na kuendelea, vumbi jekundu linaingia kila mahali. Laptopu nyingi ninazozifungua miezi hiyo zina mkeka wa vumbi kwenye njia ya hewa. Prosesa ikipata joto hujipunguzia kasi, na muziki unakatika katikati ya ubeti. Mwenye laptopu anabadili pleya akaona nafuu, kwa sababu pleya mpya ni nyepesi, kumbe ugonjwa upo pale pale. Safisha feni kwanza. Safisha na tundu la hedifoni kwa hewa. Vumbi humo huleta mikwaruzo unapouzungusha waya, au huua upande mmoja.

Dalili: mvumo wa chini usiokoma

Chomoa chaja, uache laptopu itumie betri. Mvumo ukikata, pleya haihusiki kabisa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na huo ndio mlio unaousikia, ukifuatana na ndugu yake wa 100. Laptopu na amplifaya vimeungana kwenye ardhi kwa njia mbili, na mkondo mdogo unazunguka kati yake. Chomeka vyote kwenye soketi moja ya ukutani. Isipotosha, nunua kitenganishi kidogo cha sauti chenye transfoma, ukiweke kati ya laptopu na amplifaya. Usithubutu kukata au kung'oa pini ndefu ya plagi ili mvumo ukate. Pini ile ndiyo ardhi, na umeme wa volti 230 hauna msamaha.

Mlio mwembamba unaobadilika ukisogeza mausi ni kelele za ndani ya kompyuta zinazovuja kwenye kadi ya sauti. Kadi ndogo ya nje ya USB mara nyingi huuondoa.

Dalili: wimbo unakimbia na sauti zimepanda

Rekodi nyingine huwa na namba 48,000 kwa kila sekunde badala ya 44,100. Linganisha 48,000 na 44,100: tofauti ni karibu asilimia 9, sawa na nusu noti na nusu yake tena. Rekodi ya 44,100 ikiandikwa kimakosa kuwa ni ya 48,000, kila pleya itaikimbiza. Rekebisha kasi hiyo kwenye Audacity bila kuigeuza faili, yaani kubadili tamko lake tu. Ikikimbia kwenye pleya moja pekee, kuna kitufe cha kasi umekigusa.

Dalili: pleya moja inacheza, nyingine ziko kimya

Ile ya kwanza imeshika kadi ya sauti peke yake. Izime, au iondoe kwenye hali hiyo.

Dalili: pengo kati ya nyimbo

Hapa sasa pleya zinatofautiana kweli, na ningependa watu walinganishe jambo hili zaidi kuliko "utamu". MP3 huongezewa ukimya kidogo mwanzoni na mwishoni wakati wa kutengenezwa. Pleya inayojua kuusoma ukubwa wa ukimya huo, kama foobar2000, huukata na kuunganisha. VLC kwa muda mrefu imeacha pengo. Kwa ibada iliyorekodiwa mfululizo, au ngoma za muheme za Wagogo ambamo akina mama hawasimami kati ya wimbo na wimbo, pengo hilo linauma. Ukihitaji muunganiko, chagua pleya kwa sababu hiyo.

Dalili: nimefanya yote, bado nasikia tofauti

Sikatai masikio ya mtu. Nayapa nafasi ya kuthibitisha. Subiri usiku mji utulie, na kama ni masika usifanye mvua ikigonga bati. Zisawazishe pleya mbili kwa multimita. Keti mgongo ukiwa umeielekea kompyuta. Mwenzako arushe sarafu: kichwa ni pleya ya kwanza, upande mwingine ni ya pili. Anaandika, wewe unataja uliyoisikia, naye hasemi neno wala haguni. Fanya mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, uwezekano wa kuwa ulibahatisha ni chini ya 4 kwa 100. Ukipatia 8 au 9, hiyo ni sarafu tu. foobar2000 ina kijalizo cha ABX kinachofanya jaribio hili peke yako kwa kulinganisha faili mbili, na kinahesabu chenyewe.

Mwalimu wangu wa kwaya tulimfanyia jaribio hilo kwa pleya zake mbili. Alipata 9. Alinyamaza, akaomba turudie, akapata 7.

Ukifika 12, tunaendelea na jaribio la kufuta. Chukua faili ya WAV, ishushe desibeli 6 ili vilele visiguse kizuizi cha Windows. Panga kadi ya sauti iwe na hezi zile zile za faili, yaani 44,100 au 48,000. Audacity inaweza kurekodi kile kinachotoka kwenye kompyuta yenyewe, bila mkrofoni, kupitia WASAPI. Rekodi pleya ya kwanza, kisha ya pili. Panga nyimbo mbili hizo zilingane mpaka kwenye namba moja moja, ukivuta karibu kabisa. Igeuze moja juu chini, uchanganye. Vilivyo sawa vinafutana, na kinachobaki ndiyo tofauti yote ya pleya hizo.

Kisikilize hicho kilichobaki kwa makini, kwa sababu kinataja chanzo chake. Ukisikia wimbo mzima lakini kwa mbali, sauti hazikuwa zimelingana, rudi kwenye pleya. Ukisikia besi peke yake, kuna ikwalaiza au kikuza besi. Ukisikia vipande vifupi kwenye vilele tu, kuna mahali panakata. Ukisikia kila kitu isipokuwa waimbaji waliokaa katikati, kuna kiboreshaji kinachopanua kushoto na kulia. Ukisikia wimbo ukiwa mwembamba na unapanda kadiri unavyosonga, mpangilio wako umeteleza au hezi hazikulingana. Ukimya ukibaki, hata ukiukuza, namba zilizotoka kwenye pleya hizo mbili ni zile zile.